Leseni ya Bibi

Mwanasiti wangu,

Mwalimu wangu wa Kiswahili alitufundisha kwamba barua huanza kwa kujuliana hali. Hali yako naijua. Umetoka hapa baada ya sala ya alasiri, umevaa buibui lako jipya, umekwenda Msambweni kuwaaga shangazi zako. Utarudi karibu na magharibi ukiwa umeshiba mara tatu, kwa sababu hakuna shangazi atakayekubali kwamba umekwisha kula kwa mwenziwe. Hali yangu mimi utaijua ukiendelea kusoma.

Nimekaa barazani. Saumu ndiye aliyenichania karatasi hizi katikati ya daftari lake, na hakunipa bila maneno.

"Mama, unamwandikia dada barua na mnalala nyumba moja?"

"Kesho hatutalala nyumba moja."

"Si kuna simu?"

"Simu ukiishika, unaulizwa umekula nini, unajibu, salio linakwisha."

Akacheka, akanipa na kalamu yake ya wino, akanionya nisiipoteze. Ana miaka kumi na moja na anazungumza nami kama karani wa benki.

Sitakuandikia habari za shuka, sabuni wala nauli. Mambo hayo unayaweza kuliko mimi. Sanduku lako umelifunga vizuri hata nikaona aibu kulifungua nikague. Nataka kukuandikia habari za chupa moja ya kapsuli za lesithini, na habari za siku ile Bibi alipoanguka, ulipokuwa na miaka tisa.

Juzi tulikuwa tukichambua mchicha, wewe na mimi, ukasema, "Mama, unajua kwa nini nilichagua kusomea lishe? Ni kwa sababu ya Bibi. Siku ile mimi ndiye niliyesahau." Ulisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja jina lake. Niliendelea kuchambua mpaka nikagundua kwamba majani mazuri ninayatupa na mabua ndiyo ninayoyaweka sufuriani.

Kesho unakwenda bara, miaka mitatu. Sitaki uondoke umebeba kosa ambalo si lako. Ni langu, na leo nitalieleza lilivyo, tangu mwanzo wake. Mwanzo wake ulikuwa mzuri, na ndiyo sababu nilipotea kwa urahisi.

Ulikuwa na miaka minane nilipomzaa Saumu. Siku ya ishirini hivi, ziwa langu la kushoto liliziba. Likawa gumu kama dafu, likawa jekundu, na mtoto akilishika natamani kupiga kelele. Mama Faiza, jirani yetu, alikuwa akifua mashuka katika hoteli moja kule Diani. Mgeni mmoja wa kike aliyekuwa akinyonyesha alimwachia chupa ya kapsuli aliporudi kwao. Mama Faiza akaniletea.

"Meza, shoga yangu. Yule mzungu aliniambia hizi zinafungua maziwa. Zimetokana na alizeti tu, si kitu cha ajabu."

Nakumbuka nilivyoishika ile ya kwanza. Ilikuwa laini, yenye rangi ya mafuta yaliyokaa juani. Nililala chali, Saumu ubavuni, homa kidogo mwilini, nikaiinua kuelekea dirishani. Ndani yake niliuona mnazi wa kwa Mama Faiza, mdogo sana, wa dhahabu, umepinduka kichwa chini. Nikauangalia kwa muda mrefu. Sijui kama ilikuwa homa, lakini nilihisi kama nimeshika asubuhi nzima kwa vidole viwili.

Nikameza. Nikaendelea kumnyonyesha Saumu upande ule ule, nikakandwa na Bibi yako kwa mikono yake mizito, na siku ya tatu ziwa likafunguka. Maziwa yalitoka hata yakalowesha kanga. Nilichokikumbuka baadaye ni ile kapsuli peke yake. Mtoto aliyenyonya kutwa kucha nilimsahau, na mikono ya mama yangu niliisahau.

Miezi michache baadaye Mama Faiza akaniita twende kwenye mkutano Ukunda, katika ukumbi wenye viti vya plastiki vilivyovishwa vitambaa. Palikuwa na kijana wa bara aliyefunga tai, akiuza lesithini hiyo hiyo kwenye chupa kubwa zaidi.

"Wamama, mko sawa? Hii kitu msiichukulie poa!" alisema. "Mwili ni kama injini. Mafuta yakiganda kwa mishipa, injini inazima. Lesithini inasafisha hadi kwa kona!"

Mwanamke mmoja mzee aliyekaa mbele akanyanyua mkono. "Na kichwa kinachosahau, mwanangu?"

"Kichwa inarudi kama ya mtoi mdogo, mamangu."

Watu wakacheka, akacheka naye. Kisha akachukua glasi ya maji, akamimina mafuta juu yake. Mafuta yakaelea. Akatoboa kapsuli mbili, akazikamulia mle, akakoroga. Maji yote yakawa meupe kama tui la nazi, mafuta yasionekane tena. Mimi nilisimama kitini pangu bila kujijua.

Unielewe hapo, mwanangu. Niliacha shule kidato cha pili. Tangu siku ile hakuna mtu aliyewahi kusimama mbele yangu na kunifundisha jambo. Nilinunua daftari nikiwa njiani kurudi nyumbani. Niliandika yote aliyosema kwa mwandiko mzuri, vichwa vya habari nikavipigia mistari kwa rula. Nikawa nauza zile chupa kwa akina mama wa hapa mtaani, lakini kilichonipendeza zaidi ni kueleza. Nilieleza kama msichana aliyeitwa mbele ya darasa. Nilichokuwa nimekiona ni glasi, wala hakuna mtu aliyenikumbusha kwamba mtu si glasi.

Wakati huo Bibi, mama yangu, alikuwa amekwisha kuhama kutoka Mkongani kuja kukaa nasi, kwa sababu ya presha yake. Zahanati walimpa vidonge vidogo vyeupe, kimoja kila asubuhi. Alivichukia. Alisema vinamwamsha kila saa kwenda msalani na vinamwachia mdomo mkavu. Siku nilipomletea chupa yangu alikuwa amekaa pale uani akisuka ukili wa mikeka.

"Hii nayo yaitwaje?"

"Lesithini, mama."

"Leseni?"

"Le-si-thi-ni."

"Si ndiyo hiyo hiyo. Leseni ya nini?"

"Ya mafuta," nikamtania. "Ukiwa nayo, mafuta yanapita mwilini hayakwami."

"Ala! Kumbe miaka yote hii nakula bila leseni, na hakuna aliyenikamata!"

Wewe ulikuwepo. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Tangu siku ile kazi ya kumpa kapsuli ikawa yako. Kila asubuhi kabla ya shule ulisimama mbele yake, umenyoosha mkono kama askari wa barabarani.

"Bibi, leseni!"

"Kagua, afande," naye anafungua kinywa. "Lakini usinifunge, nina wajukuu."

Nilisikia hayo nikiwa jikoni, na nilijiona mwenye bahati. Mpaka leo, nikiwa kati ya usingizi na kuamka, huisikia sauti yake akisema "kagua, afande," na kwa dakika nzima nyumba yote huwa imejaa harufu ya ukili.

Lile neno la utani likageuka likawa kweli. Akiongezewa wali wa nazi nikimtazama, anasema, "Usinitolee macho, leseni ninayo." Akila mafuta ya mbuzi, leseni anayo. Kisha asubuhi moja, wewe umekwenda shule, aliushika ule mfuko wa vidonge vyeupe akaniuliza, "Na hivi ni vya nini tena, na leseni ninayo?"

Hapa ndipo penye kosa, Mwanasiti. Lisome polepole. Mimi si daktari. Nilikuwa na daftari moja lililopigwa mistari. Nikamjibu mama yangu, "Ukitaka vipumzishe kidogo, tuone." Nikauchukua mfuko mkononi mwake, nikauweka juu ya kabati, nyuma ya sinia ya Idi. Si yeye aliyeuweka. Ni mimi, kwa mkono huu ninaoandikia.

Akapata nafuu! Aliacha kuamka usiku, akawa mchangamfu, akaanza kutembea mpaka kwa Mama Faiza na kurudi. Nilimwonyesha kila mteja. Sikujua kwamba presha inaweza kupanda bila kubisha hodi.

Siku aliyoanguka ilikuwa Jumamosi. Wewe ulikuwa na mashindano ya kusoma madrasa, ukakimbia asubuhi na viatu mkononi. Saa nne nilisikia kishindo. Alikuwa ameanguka ubavuni mwa mbuzi ya kukunia nazi, na kifuu bado kimo katika mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umelala kama si wake. Aliniangalia akataka kusema, maneno yakatoka yamelowa, hayana umbo.

Hospitali, daktari alikuwa mwanamke kijana, amechoka, mpole.

"Ana presha?"

"Anayo."

"Anameza dawa zake?"

"Anameza."

"Kila siku?"

"Kila siku, daktari."

Nilimdanganya machoni. Nilisema hivyo upesi, kama mtoto anayetoa jibu kabla swali halijamalizika.

Niliporudi nyumbani kuchukua kanga, nilikukuta mlangoni. Ulikuwa bado umevaa mtandio mweupe wa madrasa na umeikumbatia ile chupa kwa mikono miwili.

"Mama, leo sikumpa Bibi leseni yake. Nilisahau."

Nilikuwa na maneno mengi ya kukuambia. Ningekuambia kwamba kapsuli haina uhusiano na jambo hilo. Ningekupeleka mbele ya kabati, nikashusha ule mfuko, nikakuambia, "Mama ndiye aliyekosea." Badala yake nilikuvuta kifuani, nikakubusu utosini, nikakuambia, "Usilie. Nimekusamehe."

Nilidhani ni neno la mapenzi. Ulinyamaza kulia pale pale, nami nikadhani limekuponya. Lakini mtu husamehewa kosa. Nilipokusamehe nilikukabidhi kosa, ukalipokea kwa adabu, kama ulivyofundishwa kupokea kila kitu kwa mikono miwili. Na lililo baya zaidi ni kwamba nilipolitamka neno lile nilipata nafuu. Kifua kilipungua uzito. Uzito huo ulikwenda wapi, sikutaka kujua.

Tangu siku ile hukuwahi kusahau kitu. Ulikuwa unaamka kabla ya adhana kuandaa dawa za Bibi. Ulikumbuka siku za chanjo za Saumu kuliko mimi. Walimu walikusifu, majirani walikusifu: mtoto gani huyu, mkubwa kabla ya wakati. Niliitikia "alhamdulillahi," na moyoni nilijua wanachokisifu ni nini.

Wiki kadhaa baada ya Bibi kutoka hospitali, tulipelekwa kwa afisa lishe wa kliniki, mama mmoja wa miwani, mwenye maneno ya taratibu. Alitaka orodha ya kila kitu anachokimeza mgonjwa. Nikaitoa chupa yangu. Nilitarajia atanicheka. Hakunicheka, aliisoma karatasi yake mbele na nyuma.

"Lesithini ni kitu kizuri," akasema. "Umeshakula leo? Ukila yai, kile kiini cha manjano kinayo. Soya inayo, alizeti inayo, maini yanayo. Kazi yake ni kupatanisha mafuta na maji yasikimbiane. Na mwili hutoa humo kitu kiitwacho kolini, ambacho ubongo na ini vinakihitaji."

"Basi inasafisha mishipa?"

"Nani amekuambia? Wapo waliojaribu kuona kama inapunguza mafuta kwenye damu. Majibu hayajasimama imara. Siwezi kukuahidi."

"Na ziwa likiziba? Mimi ilinisaidia."

"Wanawake wengi wananiambia hivyo, wala siwakatazi. Pengine inasaidia, ila uhakika wake bado ni mdogo, na mtoto anayenyonya anafanya kazi kubwa kuliko chupa. Usizidishe tu, tumbo litakuendesha."

"Na presha?"

Akavua miwani. "Presha haimo, mama. Presha ya mama yako inataka vidonge vyake. Hiki ni chakula, na chakula hakijibu swali hilo."

Nilikuwa na swali moja limebaki. Niliuliza nikiangalia sakafu. "Na mtu akisahau kupewa kapsuli siku moja?"

"Moja? Hata akisahau mwezi mzima hakuna litakalomfika. Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu."

Unaona, Mwanasiti? Tangu siku ile nilijua kwa hakika. Jibu lako nilipewa mkononi, nikalikunja, nikarudi nalo nyumbani, nikakaa nalo miaka kumi.

Nilishusha vidonge kutoka juu ya kabati, nikavifuta vumbi, nikaona haya, nikavitupa nikaenda kuomba vipya. Jioni hiyo nilipiga magoti mbele ya Bibi nikamwambia kila kitu. Mdomo wake ulikuwa bado umekwenda upande, na maneno yalimtoka moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua, mama?"

"Sinia ya Idi... naijua. Mkono... ninao. Ningevichukua." Akapumzika. Halafu akaniangalia kwa jicho lililokuwa zima zaidi. "Mwambie mtoto."

"Nitamwambia."

Aliishi miaka minne baada ya hapo, Mola amrehemu. Alijifunza kutembea na fimbo, ukawa unamchana nywele kila Ijumaa, na kila Ijumaa aliniangalia kupitia kati ya mikono yako. Nilijua anachouliza. Nilikwenda kutazama chungu.

Nina ndoto moja inayonirudia. Nyumba hii imejaa tui mpaka madirishani, jeupe, la uvuguvugu, na sote tunapumua ndani yake bila shida. Bibi anatembea wima, hana fimbo, kanga zake zinaelea nyuma yake. Wewe ni mdogo, unapita chumba hadi chumba, kiganja umekifumba, unatafuta mtu wa kumpa ulichokishika. Unapita karibu nami. Nataka kukuambia fungua kiganja, hamna kitu, lakini nikifungua kinywa kinajaa utamu wa nazi na sauti haitoki. Nikiamka nakuta uko jikoni tayari, umechemsha maji.

Huko uendako watakufundisha mengi ambayo yule kijana wa tai hakuyajua, wala mimi. Pengine utakuja kuniambia kwamba hata yule mama wa miwani kuna aliyoyakosea, nami nitafurahi. Siichukii lesithini. Mayai ninakula, na Saumu nampa kiini chake kila ninapoweza. Lakini siku moja atakuja mbele yako mwanamke aliyeshika chupa na daftari. Atakuwa anazungumza kwa fahari. Mimi nilikuwa yule. Usimcheke, na usimnyang'anye chupa. Muulize alichokiacha tangu alipoianza. Mimi hakuna aliyeniuliza swali hilo, na sijui kama ningejibu kweli. Lakini ningalilisikia, na pengine ningalitazama juu ya kabati.

Nilikuwa nimekusudia kuiingiza barua hii katikati ya kanga zako sandukuni, uikute huko mbali, ulie peke yako, mimi nikiwa salama hapa na kuta zangu. Nimeandika mpaka hapa ndipo nikaona kwamba huko ni kunyamaza kule kule, ila kwa wino. Kwa hiyo sitaificha. Nakusikia kule njiani, unamwamkia Mama Faiza shikamoo, naye anakuuliza nani amekushibisha hivyo. Umecheka. Ukifika nitakupa karatasi hizi mkononi, usome hapa barazani mwanga ukiwa bado upo. Saumu nitamtuma dukani. Mimi nitakaa mbele yako. Sitaingia jikoni kusingizia chai.

Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Ukitaka kusema kwamba nilikuibia miaka kumi, sema, kwa sababu ni kweli. Sikuombi unisamehe leo, wala kesho kabla ya gari. Neno hilo nililichezea, nami nitalingoja, hata likichelewa. Nataka tu niwe nakutazama usoni utakapofika kwenye mstari huu:

Hukukosea kitu, Mwanasiti. Ulikuwa mtoto aliyewahi madrasa.

Mamako